Dola ya Morgan 1881-S ina cheti cha picha cha ANACS cha 1981: gredi ya zamani bado ina maana?

BintiChake (Minneapolis)

Asalaam aleikum wakuu, habari za siku. Naombeni msaada maana najua humu kuna watu wa sarafu wa kweli. Kuna familia hapa mtaani wanauza vitu vya babu yao aliyefariki, mzee alikuwa anakusanya sarafu toka ujana wake, sasa kati ya vitu vyake kuna dola ya silva ya Morgan ya mwaka 1881 yenye herufi ndogo S upande wa nyuma chini ya shada la majani. Iko kwenye kimfuko cha plastiki laini tu, sio lile kasha gumu ambalo wengi tumezoea kuliona mtandaoni. Pamoja nayo kuna cheti cha karatasi cha ANACS, kina picha mbili nyeusi na nyeupe, mbele na nyuma ya sarafu, namba yake, tarehe ya 1981, halafu gredi imeandikwa MS 65/65 (MS ni mint state, yaani sarafu ambayo haijatumika).

Sasa mimi nauliza, hawa ANACS ni akina nani hasa, na mbona gredi ziko mbili kwa sarafu moja? Na kubwa zaidi, mjukuu wa marehemu anataka bei ya MS 65 ya leo, anasema cheti ni cheti, mtaalamu kashasema basi. Mimi sarafu naipenda kwelikweli, ina mng'ao ambao sijauona kwenye hizi nyingine ninazookotaokota kwenye maonyesho, ila sitaki kulipa hela ya 65 halafu nikiipeleka kwenye kampuni za sasa niambiwe 63. Anayejua historia ya hivi vyeti anisaidie, hata ikiwa ndefu nitasoma yote inshallah.

SarafuHouston

Waaleikum salaam dada. Nafanya kazi kwenye duka la sarafu huku Texas, vyeti hivi vinaingia dukani mara nyingi sana hasa wazee wakifariki, kwa hiyo nikueleze vizuri maana watu wengi wanapigwa hapa, na wengine wanaacha vitu vizuri kwa sababu hawajui.

Usilipe hela ya 65 ya leo kwa sababu ya hiyo karatasi. Lakini pia usiidharau hiyo karatasi.

Anzia nyuma kidogo. Zamani Marekani ukinunua sarafu anayekwambia gredi ni yuleyule anayekuuzia. Muuzaji anasema hii mpya kabisa haijawahi kutumika, wewe huna pa kwenda kuuliza zaidi ya kwa muuzaji mwingine ambaye naye ana yake ya kuuza, na ajabu ni kwamba sarafu hiyohiyo siku ukienda kumrudishia akununulie inakuwa imeshuka gredi palepale mezani. Juu ya hapo kukawa na feki nyingi sana miaka ya 60 na mwanzo wa 70, dhahabu za Kimarekani zilizotengenezwa nje, nyingine Lebanoni, na zile za ndani ambazo mtu anachukua sarafu halali anaibadilisha. Senti ya 1909 VDB (hizo ni herufi za jina la mchoraji) isiyo na herufi ya karakana wanaigandishia S ndogo igeuke ya San Francisco ambayo ni adimu, dime, yaani senti kumi, ya 1916 wanaibandika D ya Denver, senti ya 1944-D wanachonga ile 4 ya kwanza iwe 1914-D. Mkusanyaji wa kawaida hawezi kuona kwa macho.

Ndio chama cha wakusanyaji, American Numismatic Association, ambacho kipo toka 1891, kikaanzisha huduma ya uthibitisho mwaka 1972 pale Washington. Hiyo ndiyo ANACS. Mwanzo kabisa hawakutoa gredi, walikuwa wanajibu swali moja tu, hii sarafu ni halali au ni feki. Unaituma, wanaipima uzito, wanaichunguza kwenye hadubini, ikiwa halali wanakupa cheti. Baadaye ofisi ikahamia Colorado Springs yaliko makao makuu ya chama, na tarehe 1 Machi 1979 ndipo wakaanza kuandika na gredi. Kwa hiyo cha kwako cha 1981 ni cha miaka ya mwanzo kabisa ya gredi.

Kuhusu namba mbili, walikuwa wanapima kila upande peke yake, ya kwanza ni ya upande wa sura na ya pili ni ya upande wa tai. Utakutana na vyeti vya MS 63/65, au 65/60. Ilikuwa na ukweli wake kwa sababu Morgan nyingi shavu la yule mwanamke aliyechorwa mbele limeumia kuliko tai wa nyuma. Sokoni ikaleta kelele, muuzaji anataja namba kubwa mnunuzi anataja ndogo, mwisho kampuni zilizofuata zikatoa namba moja kwa sarafu nzima.

Hizo namba zenyewe zilitoka kwa William Sheldon, mwaka 1949 alitunga skeli ya 1 mpaka 70 kwa ajili ya zile senti kubwa za shaba za zamani za Marekani peke yake, wazo lake namba iendane na bei, yaani sarafu ya 70 iwe na thamani mara 70 ya ile ya 1. Bei zikabadilika hesabu yake ikafa, namba zikabaki, na mwaka 1977 chama kikatoa kitabu chake cha vigezo kikazitumia kwa sarafu zote za Marekani.

Sasa sikiliza hapa maana ndipo penye hela yako. Mwaka 1981 kwenye sarafu ambazo hazijatumika hapakuwa na ngazi zote za 60 mpaka 70 kama leo. Kulikuwa na 60, 63, 65, 67 na 70. 64 haipo. Kwa hiyo sarafu iliyopita 63 lakini haijafika pale ambapo leo tunapaita 65, iende wapi? Nyingi zilipanda 65. Halafu ukumbuke 1979 na Januari 1980 ni kipindi ambacho silva ilikaribia dola 50 kwa aunsi na dhahabu 850, soko la sarafu likapaa nalo, na lilipoporomoka wanunuzi wakawa wakali, kitu walichokiita 65 mwaka 1980 ilipofika 1986 wanakwambia 64, wengine 63. Sarafu haijabadilika hata kidogo, macho ya soko ndiyo yamebadilika. Mwaka 1986 ndipo chama kikakubali ngazi zote kumi na moja.

Kwa hiyo hicho cheti kinasema ukweli wa 1981. Lipa kama 63, ukiwa umeiona kwa macho na imekuridhisha panda kidogo hadi ya 64. Na kwa bahati nzuri 1881-S ni katika Morgan nyingi kuliko zote, zilipigwa zaidi ya milioni 12 na San Francisco walizipiga vizuri sana mwaka ule, kwa hiyo tofauti ya 63 na 65 haitakuua. Ingekuwa 1893-S, ambayo ni adimu, ningekwambia simama hapohapo.

MzeeRupia (Dar)

Houston umeeleza vizuri mwanangu, lakini hizo picha umezipita haraka mno na mimi naona ndizo kitu bora kuliko vyote kwenye cheti kile.

BintiChake, watu watakwambia udhaifu wa cheti cha picha ni kwamba sarafu na karatasi vimeachana, mtu anaweza kutoa sarafu nzuri akaweka mbovu ya mwaka uleule akakuuzia na cheti cha ile nzuri. Ni kweli na ilifanyika. Ila picha yenyewe ndiyo inakupa silaha. Dola za Morgan zilikuwa zinatiwa elfu moja kwenye gunia moja, magunia yanatupwa, yanaburutwa, yanapangwa kwenye mahazina miaka na miaka, nyingine hazikutoka mpaka miaka ya 60 huku. Sarafu zinagongana humo ndani. Kila moja ikatoka na makovu yake kama alama za vidole vya mtu, hakuna mbili zinazofanana.

Sasa wewe chukua lenzi ya sonara ya mara kumi, kaa penye taa moja kali, zungusha sarafu taratibu, tafuta kovu kwenye shavu, kwenye shingo, kwenye ile nafasi tupu mbele ya pua, kisha angalia ukingo. Halafu tafuta kovu hilohilo kwenye picha. Usitafute moja tu ukaridhika, tafuta kadhaa na uangalie zinavyokaa zenyewe kwa zenyewe. Zikikubaliana, sarafu ndiyo yenyewe. Kitu kilichopo kwenye sarafu lakini kwenye picha hakipo, hicho kimeingia baada ya 1981, na hapo unajua kabisa kwamba gredi ya cheti haihusiki tena hata kwa vigezo vya wakati ule. Kasha la plastiki la zamani lisilo na picha haliwezi kukupa habari hiyo, unaamini tu kwamba halikufunguliwa.

Na angalia rangi. Picha nyeusi na nyeupe haionyeshi rangi ya uzee, lakini inaonyesha giza na mwanga. Kama kwenye picha kuna kivuli cha rangi pembeni na leo sarafu ni nyeupe pee, ujue imechovywa dawa. Mng'ao uliochovywa unakuwa bapa, hauzunguki ukiigeuza kwenye taa.

KibeHomboka (Mombasa)

Wazee nashukuru kwa somo, mimi sijui lolote ila nimefuata huu uzi mpaka mwisho. Swali, ikiwa picha ilikuwa nzuri hivyo ni kwa nini waliiacha wakaingia kwenye plastiki? Na hao PCGS na NGC ninaowasikia kila siku walitokea wapi ikiwa chama chenyewe tayari kilikuwa na huduma?

SarafuHouston

Swali zuri sana kaka. Mzee yuko sawa kuhusu picha, kwa mtu anayenunua sarafu moja kwa mapenzi na ana muda wa kukaa na lenzi, picha haina mpinzani. Wauzaji wakubwa walikuwa hawataki kukaa na lenzi. Walitaka kununua kwa simu, mtu yuko New York mwenzie California, anasema nipe Morgan ishirini za 65, hela inatumwa, hajaziona. Kwa karatasi haiwezekani, maana karatasi ya 1981 na karatasi ya 1985 zinasema 65 mbili tofauti, na nani ajue kama sarafu haikubadilishwa njiani.

Ndipo David Hall na wauzaji wenzake sita wakaanzisha PCGS huko Newport Beach, California, wakafungua milango Februari 1986. Walichofanya ni kukusanya mambo ambayo kila moja peke yake lisingetosha. Sarafu inapimwa na wataalamu zaidi ya mmoja, kila mtu anatoa namba yake bila kujua sarafu ni ya nani. Ikishapata gredi inafungiwa kwenye kasha gumu la plastiki lililoungwa kwa mawimbi ya sauti, karatasi ya gredi iko humohumo ndani, huwezi kutenganisha bila kuvunja. Kampuni inatoa dhamana kwamba wakikosea gredi wanalipa tofauti. Na kubwa kuliko vyote, palikuwa na kundi la wauzaji walioahidi kununua sarafu za kwenye makasha hayo kwa gredi iliyoandikwa bila kuziona. Hiyo ahadi ndiyo iliyolipa kasha nguvu, plastiki yenyewe ni plastiki tu. Sarafu iliyosafishwa au kuchongwa walikuwa hawaifungii, inarudishwa kwenye mfuko bila gredi.

Makasha yao ya kwanza sarafu inachezacheza ndani ukitikisa unaisikia, leo wakusanyaji wanayatafuta makasha hayo yenyewe na kuyalipia zaidi, kwa sababu miaka ile walipima kwa ukali na sarafu nyingi humo zinaonekana nzuri kuliko namba yake.

Mwaka uliofuata, 1987, John Albanese akaanzisha NGC huko New Jersey, na msimamo wake mkubwa ulikuwa kwamba anayepima asiwe anauza na kununua. Mimi binafsi naona huo ndio moyo wa kazi yote hii. ANACS walikuwa nao toka mwanzo kwa vile walikuwa chini ya chama na sio chini ya duka, ila chama hakikuweza kukimbia na kasi ya soko. Wao wakaingia kwenye makasha 1989, na 1990 chama kikaiuza huduma kwa Amos Press, wale waliokuwa wanachapisha gazeti la Coin World, ikahamia Columbus, Ohio. Kwa hiyo dada akiona kasha la ANACS leo ajue ni jina lilelile lakini sio mikono ileile iliyoandika cheti cha 1981.

Nisiwapambe sana hawa wa makasha pia. Baada ya kasha kukubalika watu wa Wall Street wakaona sarafu imekuwa kama hisa, Merrill Lynch na Kidder Peabody wakajihusisha na mifuko ya uwekezaji wa sarafu, bei zikapaa mpaka kileleni 1989 halafu zikaanguka vibaya, na waliobaki nazo mkononi ni watu ambao hawakuwahi kuzipenda sarafu zenyewe, walinunua namba. Mwaka 1990 tume ya serikali ya biashara, FTC, ikawabana PCGS kwa matangazo yaliyodai upimaji wao haubadiliki na hauna hisia za mtu. Mwaka huohuo walileta hadi kompyuta ya kupima Morgan, haikudumu. Na mpaka leo kuna watu wanavunja kasha wanatuma sarafu tena na tena mpaka siku ipande gredi moja, na kila ikipita inahesabiwa upya kwenye orodha ya kampuni ya sarafu ilizozipima, hivyo ukiona orodha inasema zipo mia za gredi fulani, za kweli zinaweza kuwa chache kuliko hapo.

ManyemaMuscat

Shikamoo MzeeRupia, na salamu kwenu nyote. Samahani natoka nje ya Morgan kidogo. Familia yetu upande wa babu walitoka Tabora wakaja huku Oman, tunazo sarafu kadhaa za enzi za Wajerumani, heller 20 za Tabora za 1916, na rupia 15 moja ya dhahabu, ile ya tembo na mlima nyuma yake. Zimekaa kwenye kasha la mkufu wa bibi miaka yote. Hawa wapimaji wa Marekani wanazijua kweli? Maana heller zetu ziko vibaya, maandishi hayajatoka sawa, nyingine kama zimepigwa upandeupande, naogopa watasema feki au zimechoka.

MzeeRupia (Dar)

Marahaba mwanangu. Wanazijua sana, PCGS na NGC wote wanazifungia na minadani zinatoka mara kwa mara. Zilipigwa kwenye karakana ya reli Tabora vita vikiwa vimewakaba Wajerumani, hakuna meli inayoingia na sarafu kutoka Ulaya, dhahabu ikatoka mgodi wa Sekenke, na shaba nyeupe na nyekundu wakaokoteza walichopata. Ndio maana heller 20 ziko vile. Mpimaji anayejua kazi anatenganisha udhaifu wa kupigwa na uchakavu wa kutumika, herufi iliyofifia kwa sababu mashine haikuikandamiza haihesabiwi sawa na herufi iliyosagika mfukoni kwa mtu.

Ile ya tembo ndiyo uiangalie. Uzito wake ni gramu 7.17 hivi, dhahabu robo tatu, na zilipigwa elfu kumi na sita na mia mbili kasoro, kwa hiyo masonara wameiga sana kwa ajili ya mikufu na pete. Tazama lile pambo dogo chini ya neno OSTAFRIKA, kuna zilizo na ncha yake chini ya T na kuna zilizo chini ya A, zote halali, usije ukatishwa na mtu. Kama iliwahi kuchomelewa kitanzi cha mkufu kovu litaonekana ukingoni na gredi ya namba hutopata, ila uhalali wake unaweza kuthibitishwa. Na nakuomba sana, usiisugue. Wala kwa kitambaa laini.

BintiChake (Minneapolis)

Wakuu Mungu awalipe. Nimerudi jana na lenzi kama alivyosema Mzee Rupia, mjukuu akanipa nafasi nikakaa mezani kwao na taa. Kovu la pembetatu mbele ya pua lipo kwenye picha na kwenye sarafu, mistari miwili chini ya jicho ipo, na kidonda kidogo ukingoni karibu na nyota ipo vilevile, kwa hiyo sarafu ndiyo yenyewe sina wasiwasi. Ila kwenye shavu kuna mkwaruzo mrefu mwembamba ambao kwenye picha haupo kabisa. Upande wa tai uko safi mno, sijawahi kuona tai mzuri vile. Mng'ao unazunguka ukiigeuza. Nikamwonyesha mjukuu huo mkwaruzo na picha pamoja, akaelewa mwenyewe bila kubishana, akasema niseme bei ninayoona ya haki. Niseme ngapi?

SarafuHouston

Safi sana dada, hapo umefanya kazi ya mpimaji kabisa. Kwa mkwaruzo wa shavuni mimi ningetoa bei ya 62 mpaka 63, kwa sababu kwenye Morgan shavu ndilo linalobeba gredi, tai awe mzuri vipi hawezi kuliokoa. Kwa gredi hiyo na mwaka huo hakuna haja ya kuituma ikafungiwe, gharama ya kutuma na kupimwa itakula faida yote, weka kwenye kasha la kubana la dukani lisilo na PVC (aina ya plastiki laini inayoharibu sarafu), na kile kimfuko laini kitoe leo maana vile vya zamani vinatoa mafuta ya kijani yanayokula silva.

Cheti usikitenge na sarafu. Siku ukiuza, weka karatasi na sarafu pamoja na umwonyeshe mnunuzi mkwaruzo wenyewe kabla hajauliza.

BintiChake (Minneapolis)

Nimempa ya 63, amekubali, ametia na kitabu cha babu yake cha kuandikia sarafu alizonunua. Morgan hii imo humo kwa mwandiko wake, na namba ya cheti pembeni.